Neno "Wote"

Hotuba ya redio. Masomo: Matendo ya Mitume 17:16-34, Tito 1:5-12

  

Leo nataka tuliangalie neno moja dogo ambalo kila mmoja wetu hulitamka mara nyingi kwa siku bila kulifikiri. Neno lenyewe ni "wote." Twasema, "Watu wa kabila lile wote ni wachoyo." Twasema, "Waislamu wote ni hivi." Nao wenzetu husema juu yetu, "Wakristo wote ni vile." Watu wa pwani wote, watu wa bara wote, Wazungu wote, Wahindi wote! Hata pale tusipolitamka, neno hili limo ndani ya usemi wetu. Mtu asemapo tu, "Ah, wale unawajua wewe mwenyewe," msikilizaji huelewa kwamba wamekwisha kuhesabiwa wote, mkubwa kwa mdogo.

Tunayo methali isemayo, samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kwa mchuuzi wa samaki kule Kisumu au Mombasa, maneno hayo ni kweli tupu. Samaki hulazwa pamoja katika tenga moja, maji ya huyu humchuruzikia yule, na harufu huenea. Mnunuzi mwenye busara akimwona mmoja ameoza, hupita zake. Lakini je, watu ni samaki? Kabila ni tenga? Dini ni tenga? Hilo ndilo swali letu la leo. Wala jibu lake si jepesi, kwa sababu maneno ya jumla yana faida kubwa, na pia yana hatari kubwa.

Faida ya maneno ya jumla

Tuanze na faida. Wako watu wasemao kwamba ni dhambi kabisa kusema lolote juu ya kabila au dini nzima. Nia yao ni njema, lakini jambo hilo haliwezekani. Mungu ametupa akili ya kukusanya mambo yanayofanana na kuyapa jina moja. Bila akili hiyo mkulima asingejua mvua huanza mwezi gani, wala mama asingejua dalili za homa ya mtoto. Na watu waliokaa pamoja miaka mingi huwa na desturi zao, ambazo mgeni anaweza kuzijua kabla ya kubisha hodi.

Chukua mfano wa msiba. Waislamu huzika wafu wao upesi, mara nyingi siku ile ile au siku ya pili yake. Sisi Wakristo wengi wa Kenya huweza kungoja juma zima au zaidi, tukichanga fedha na kuwangojea jamaa walio mbali. Sasa fikiri jirani yako Mwislamu amefiwa na mama yake Jumatatu asubuhi. Kama hujui desturi hiyo, utajiambia, "Nitakwenda Jumamosi." Ukifika Jumamosi, maziko yalikwisha zamani, na jirani yako amekwisha kuona moyoni kwamba humjali. Lakini ukijua neno hili moja la jumla, kwamba Waislamu huzika upesi, utaacha shughuli zako Jumatatu ile ile ukaenda kukaa naye. Hapo maneno ya jumla yamekusaidia kupenda.

Hali kadhalika mwezi wa Ramadhani. Ukijua kwamba Waislamu hufunga mchana, hutamwalika mwenzako chakula cha saa saba, wala hutashangaa akichoka kazini alasiri. Ni jambo la adabu kujua hayo. Hata hivyo, hata hapa tusilipitishe neno letu mpaka wake. Kwa sheria ya dini yao wenyewe, mgonjwa, msafiri, mwanamke mwenye mimba na mtoto mdogo wana ruhusa ya kutofunga. Ukimwona Mwislamu anakunywa maji mchana, wewe si askari wa kumkamata. Huenda anameza dawa.

Mtume Paulo naye alitumia maneno ya jumla. Alipofika Athene hakuanza kusema mara moja. Luka anatuambia kwamba aliuzunguka mji, akaangalia mahali pao pa ibada, akasoma hata maandishi yaliyokuwa juu ya madhabahu moja. Ndipo aliposimama mbele yao akawaambia kwa jumla kwamba ameona ni watu wenye kushughulika sana na mambo ya dini. Yalikuwa maneno ya jumla, lakini yalitokana na kuangalia, na yalisemwa mbele yao wenyewe, ambapo wangeweza kumkanusha. Tena Luka hakuwachanganya Waathene katika chungu kimoja. Anawataja Waepikureo na Wastoiki kila kundi kwa jina lake. Mwisho anatueleza kwamba wengine walidhihaki, wengine walitaka kumsikia tena, na wengine waliamini, miongoni mwao mwanamume aitwaye Dionisio na mwanamke aitwaye Damari. Maneno ya jumla yalimfungulia Paulo mlango, naye alipoingia akawakuta watu, kila mmoja na jina lake.

"Wote" wa mpita njia na "wote" wa msikivu

Sasa tuangalie jinsi wataalamu wenyewe walivyolitumia neno hili juu yetu sisi Waafrika. Mwaka 1866 Mwingereza aitwaye Samuel Baker, msafiri aliyefika Ziwa Albert mwaka 1864, alitoa habari mbele ya chama cha wataalamu mjini London. Alisema juu ya makabila ya Mto Naili wa juu, bila kumbakiza hata mmoja, kwamba hawamwamini Mungu Mkuu wala hawana ibada ya namna yoyote. Ni "wote" huo! Msafiri mmoja aliyekuwa akipita amewahesabu watu wa nchi kubwa kuwa hawana Mungu.

Ikapita miaka mingi. Katika miaka ya 1930 mtaalamu mwingine wa Kiingereza, E. E. Evans-Pritchard, alikaa miongoni mwa Wanuer, ambao ni watu wa nchi hizo hizo za Naili. Akajifunza lugha yao, akasikia sala zao. Mwaka 1956 alitoa kitabu kizima juu ya dini ya Wanuer, juu ya Mungu wamwitaye Kwoth, na juu ya maombi na dhabihu zao. Mwaka 1961 Godfrey Lienhardt akafanya vivyo hivyo kwa jirani zao Wadinka, ambao humwita Mungu Nhialic. Basi Mungu aliyesemwa hajulikani alikuwa akiitwa kwa jina kila siku. Aliyekosekana alikuwa mtu wa kukaa chini na kusikiliza.

Na sasa tuje nyumbani. Marehemu Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Kitui mwaka 1931, kasisi wa Kianglikana, aliyefundisha miaka mingi katika chuo cha Makerere, aliona uchungu wa maneno kama yale ya Baker. Akafanya kazi ya subira. Alikusanya habari za karibu makabila 300 ya Afrika, akaonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1970 jinsi walivyomfahamu Mungu kuwa Muumba na Mtunzaji, na majina wanayomwita. Baada ya kazi hiyo, mtu hakuweza tena kusema kwa urahisi kwamba Mwafrika hakumjua Mungu mpaka meli ilipotia nanga. Hapo neno la jumla lilifanya kazi njema sana. Liliondoa aibu isiyo ya haki mabegani mwa watu wengi.

Lakini kwa mtu huyo huyo twaweza kujifunza pia mpaka wa neno hili. Katika kitabu chake kilichojulikana sana, cha mwaka 1969, Profesa Mbiti alisema kwamba kwa desturi ya Waafrika wakati ni hasa wa mambo yaliyopita na yaliyopo, na kwamba fikira ya wakati ujao ulio mbali haikuwapo, au ilikuwapo kidogo mno. Hoja yake aliisimamisha sana juu ya vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu. Wenzake wakamwuliza, "Je, lugha mbili za nchi moja zaweza kusema kwa niaba ya bara zima?" Mwaka 1987 mwanafalsafa wa Ghana, Kwame Gyekye, alieleza kutokana na lugha na mawazo ya Waakan kwamba wao wanayo fikira ya wakati ujao ulio mbali.

Simtaji mzee wetu ili nimpunguzie heshima. Heshima yake ni kubwa, naye alipofariki mwaka 2019 kanisa la Afrika lilipoteza mwalimu mkuu. Namtaja kwa sababu twaona wazi tofauti iliyopo. Aliposema juu ya Mungu, aliwasikiliza karibu makabila 300 kwanza. Aliposema juu ya wakati, alianza na jirani wachache, kisha akavuka kwenda kwa wote. Mtu yule yule, mwenye akili ile ile na nia njema ile ile, aliposikiliza wengi alisimama imara, na aliposikiliza wachache aliyumba. Ikiwa ni hivyo kwa profesa, sisi tuzungumzao sokoni na ndani ya matatu tutakuwaje?

Hatari zake

Hatari ya kwanza ndiyo hiyo: wachache hugeuzwa kuwa wote. Hebu tujipime sisi wenyewe. Mtu wa mbali akiandika, "Wakristo hubatizwa kwa maji," tutaitikia. Walakini ndugu zetu Marafiki, waliofika Kaimosi mwaka 1902, hawabatizi kwa maji, na Kenya ndiyo nchi yenye Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Akiandika, "Wakristo huabudu Jumapili," Waadventista watamwambia kwamba wao huabudu Jumamosi. Ikiwa sisi wa dini moja tuna tofauti hizi, kwa nini twadhani Waislamu, au Wahindu, au wafuatao desturi za mababu, ni kama mbegu za ganda moja?

Hatari ya pili ni kuyapima mema yetu kwa mabaya ya wengine. Tukitaja Ukristo twataja Mahubiri ya Mlimani. Tukitaja Uislamu twataja bomu. Ndugu zangu, mizani hiyo si ya haki. Januari 1, 2008, katika fujo zilizofuata uchaguzi, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo, wakiwamo wanawake na watoto. Katika fujo zile watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini mwetu, nchi ambayo wengi wa watu wake hujiita Wakristo. Je, tungependa mgeni aandike kwamba hiyo ndiyo dini yetu? Tungepiga kelele, "La hasha! Hao si sisi!" Basi na jirani yetu akisema maneno hayo hayo baada ya bomu, tumsikilize.

Hatari ya tatu ni kwamba neno la jumla hufumba macho. Mtu akikwisha kuamini kwamba watu fulani wote ni wabaya, akikutana na mmoja aliye mwema hasemi, "Kumbe nilikuwa nimedanganyika." Husema, "Huyu si kama wenzake." Kesho akikutana na mwema wa pili, husema vile vile. Anaweza kukutana na wema kumi, na neno lake likabaki pale pale.

Hatari ya nne ndiyo kubwa kupita zote. Mtu mmoja hubebeshwa mzigo wa mwingine ambaye hata hamjui. Novemba 22, 2014, magaidi wa Al-Shabaab walilisimamisha basi karibu na Mandera, wakawatenga abiria wasio Waislamu, wakawaua watu 28. Hawakuuliza huyu amefanya nini. Waliuliza huyu ni wa kundi gani. Mpendwa msikilizaji, hapo ndipo neno "wote" huishia linapoachwa litembee peke yake bila huruma. Huanza kwa mzaha mezani, na mwisho wake ni watu kutengwa kando ya barabara.

Lakini habari haikuishia hapo. Mwaka uliofuata, Desemba 21, 2015, magaidi walilishambulia basi jingine la kwenda Mandera, karibu na El Wak. Wakawaamuru abiria wajitenge, Waislamu huku na Wakristo huku. Abiria Waislamu walikataa. Wanawake wengine waliwapa wenzao Wakristo vitambaa vyao vya kujifunika vichwa, ili wasitambulikane. Waliwaambia magaidi kwamba kama ni kuua, wawaue wote pamoja, au wawaache wote. Watu wawili waliuawa siku ile, lakini wengi waliokuwa wamekwisha kuhesabiwa wafu walifika kwao. Mwalimu mmoja Mwislamu, Salah Farah, aliyekuwa naibu wa mwalimu mkuu, alipigwa risasi kwa kukataa kutengana na wenzake, akafariki Januari 2016. Taifa lilimpa nishani baada ya kifo chake. Sinema fupi iliyotengenezwa mwaka 2017 juu ya habari hii iliitwa Watu Wote.

Lisikieni vizuri neno hilo. Magaidi walikuwa na "wote" wao: Wakristo wote ni adui. Abiria nao walikuwa na "wote" wao: sisi wote ni abiria wa basi moja. "Wote" wa kwanza uliwatenga watu ili wauawe. "Wote" wa pili uliwakusanya ili waishi. Basi yule asemaye, "Waislamu wote ni magaidi," afahamu kwamba amechukua "wote" wa magaidi akautia kinywani mwake.

Paulo na Wakrete

Huenda mmoja wenu amekwisha kufungua Biblia, naye ananiuliza, "Lakini je, Paulo mwenyewe hakuwasema Wakrete vibaya?" Swali zuri. Katika waraka kwa Tito, sura ya kwanza, Paulo anakumbusha ushuhuda wa mmoja wa Wakrete wenyewe, aliyesema kwamba watu wake ni watu wa uongo na ulafi, na Paulo anaukubali. Maneno ni makali, hatuwezi kuyalainisha.

Lakini tusome pia kilichotangulia. Katika sura ile ile, kabla ya maneno hayo, Paulo anamwambia Tito kwa nini alimwacha Krete: aweke wazee wa kanisa katika kila mji. Na wazee hao wawe watu wa namna gani? Wasiolaumika, wasio walevi, wapendao wageni, wenye kiasi. Sasa niulize, Tito angewatoa wapi wazee hao? Je, angewaagiza kwa meli kutoka Antiokia? Angewatafuta pale pale Krete, miongoni mwa Wakrete. Paulo alijua sifa mbaya ya kisiwa kile, na sifa hiyo ilimsaidia Tito kujua ni mambo gani ayakemee. Lakini haikumzuia Paulo kuamini kwamba katika kila mji wa kisiwa kile wamo watu wa kuaminika kulichunga kanisa la Mungu. Kama Tito angeshika "wote" peke yake, angefunga mizigo yake akarudi.

Tufanye nini?

Basi, wapendwa, kabla hatujasema neno la jumla juu ya watu, tujiulize maswali machache.

Kwanza, je, nimeona wangapi? Kama ni wawili, niseme wawili. Kama ni wengi, niseme wengi. Ulimi wetu una maneno ya kutosha: baadhi, wengine, wengi, aghalabu. Hayana gharama, na huokoa ukweli.

Pili, nimeyapata kwa nani? Kwao wenyewe, au kwa adui yao? Tungetaka mtu ajifunze Ukristo kanisani, si kwa wanaotuchukia. Tuwatendee wengine kama tutakavyo kutendewa.

Tatu, naweza kuyasema mbele yao, kama Paulo alivyosema mbele ya Waathene? Maneno tunayoyanong'ona tu wakati wao hawapo, tuyashuku.

Nne, je, maneno haya yananipeleka kwa jirani yangu, au yananiondoa kwake? Kujua kwamba huzika upesi kunanipeleka msibani. Kudhani kwamba wote ni wabaya kunanifanya nivuke upande wa pili wa barabara, kama kuhani na Mlawi katika mfano wa Bwana wetu. Aliyesimama akamhudumia majeruhi alikuwa Msamaria, mtu wa kabila ambalo wasikilizaji wa Yesu walikuwa wamekwisha kulihukumu lote.

Mwisho, kuna "wote" mmoja ambao Mkristo anaweza kuusema bila woga. Paulo anatuambia katika Warumi sura ya tatu kwamba wote wametenda dhambi. Angalieni, neno hilo halimwachi msemaji nje. Anayelisema amejitaja mwenyewe kwanza. Na katika waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya pili, anasema Mungu ataka watu wote waokolewe. Hapo pia sisi na jirani zetu tumo pamoja. Lakini "wote" tunaousema juu ya wengine kwa kawaida una alama moja: sisi hatumo. Kila tulisikiapo neno hilo likitoka vinywani mwetu, nasi tumebaki nje tukitazama, tunyamaze kidogo na kufikiri.

Juma hili, mpendwa msikilizaji, chagua kundi moja la watu ambalo umezoea kulisema. Kisha mtafute mmoja wao, umwulize habari za nyumbani kwake, na umsikilize mpaka amalize.

Na tuombe. Ee Baba yetu, uliyetuumba kwa damu moja, utusamehe maneno tuliyoyasema juu ya watu tusiowajua. Utupe macho ya kumwona kila mtu, na masikio ya kumsikia. Uwafariji waliofiwa kwa sababu ya chuki katika nchi yetu, Wakristo na Waislamu, na watu wa kila kabila. Utufundishe kukaa pamoja kama abiria wa chombo kimoja. Tunaomba hayo katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.